Hodi Kwake Mwenyewe

Mume wangu alikuwa na tabia ya kupiga hodi kwake mwenyewe. Nyumba yetu ya Bigwa aliikandika kwa mikono yake, lakini akitoka shamba husimama mlangoni: "Hodi, wenyewe!" Haingii mpaka niitikie, hata kama nina moshi machoni na unga mikononi.

"Wenyewe ni nani kama si wewe?" nilikuwa nikifoka. Yeye hucheka tu, na kesho yake yaleyale.

Askari wa Mdachi walipokuja kumchukua akabebe mizigo ya vita, hawakupiga hodi.

Hakurudi. Sasa kila ukungu ukishuka kutoka mlimani namsikia nje: "Hodi, wenyewe!" Naitikia, "Karibu!" mpaka sauti inakauka. Haingii. Anawaita wenyewe, na mwenyewe askari walishamchukua.