Wali wa Jirani

Jirani yangu hulima shamba la watu kwa mgao wa mavuno, kama mimi, na sijawahi kumwona akila bila kumwita mpita njia. "Kaka, njoo tule!" hupaza sauti, kijiko juu, kucha nyeusi kwa tope la mpunga. Nasi hapa mkoani Nueva Ecija jibu tunalijua: "Asante dada, nimeshiba." Hata njaa ikuume vipi, husemi jingine. Juzi mvua ilinifukuza hadi mlangoni kwake, na kwa ujinga wangu nikasema, "Haya, nakuja." Kijiko kikasimama hewani. Kisha akacheka, akafuta sahani kwa upindo wa sketi, akanijazia wali, na samaki mkavu mmoja juu yake. Nilipoinama kula ndipo nikaona punje ni nyekundu, kama mbegu tuliyogawiwa wiki iliyopita tukaoteshe kitaluni. Nikageuka. Gunia lake la mbegu lilikuwa limekunjwa vizuri kando ya kinu, tupu. "Dada! Sasa utapanda nini?" Akanisogezea chumvi. "Kula kwanza, kaka. Miaka yote hii nakaribisha watu, wewe ndiye wa kwanza kukubali."