Kibaraza cha Mama Mkwe

Mwanangu, siku ambayo maharage yalinikimbia jikoni kwa mama mkwe naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa enzi za Mwingereza, kule Mbozi, nami nilikuwa bibi harusi mbichi.

Jikoni kwake palikuwa na kibaraza cha udongo kando ya mafiga, pa kuwekea vyungu vikiepuliwa. Kilikuwa kimechakaa, katikati kimebonyea, na kila chungu ukiweka kinainama kama mtu anayesinzia kanisani. Katika ukoo ule, mke mpya alipika kwa mkwewe mpaka akisiribe kibaraza upya kwa udongo, kisha mkwe aweke juu yake chungu cha maharage ya moto. Kikihimili, unajengewa jiko lako. Nami nililitaka jiko langu, mwanangu, nililitaka mno. Nilichoka kuulizwa chumvi nimetia mara ngapi.

Babu yako, mume wangu, alikuwa ametoka Kopabelti, kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na kichwa chake kimejaa mambo ya huko. Alikuwa na sementi kidogo, masalia ya ujenzi mahali fulani. Akaniambia, "Udongo wa nini tena? Kule jiko la maana ni la sementi." Nami, kwa haraka zangu, nikamwachia. Mama mkwe alipokwenda kuchuma kahawa, tukaikoroga ile sementi, tukaimwaga juu ya udongo mkavu wenye vumbi na masizi, babu yako akailainisha kwa ubao. Kiling'aa! Niliona jiko langu limeshasimama.

Kilipokauka, mama mkwe akakitazama, akasema, "Kimependeza. Leta maharage." Akaepua chungu akakiweka. Kwanza tukasikia mlio mdogo, halafu gamba zima la sementi likabanduka, chungu kikateleza, na kuku wakala mlo wetu wa mchana. Nilitamani ardhi inimeze. Babu yako akajifanya anakagua paa.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatuambia, "Mmempaka mzee poda kabla hamjamnawisha uso. Itashika wapi?"

Akatufundisha upya, bila kisirani. Tulikwangua udongo wote uliolegea mpaka tukafika palipo pagumu. Tukapanyunyizia maji, pakanywa pakashiba. Udongo wa kichuguu tukauchekecha, tukaukanda na mavi ya ng'ombe, tukasiriba tabaka jembamba kwa kiganja. Likikauka na kupasuka, tunaziba na kusiriba tena. Mwisho nikasugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka mkono ukafa ganzi. Maji aliyachota babu yako, ndoo begani, na wanawake wa mtoni walimtania hadi akakonda. Alikasirika siku nzima, lakini hakuacha kuchota.

Chungu kikawekwa mara ya pili. Kikatulia, hakikuinama hata kidogo. Mama mkwe akapitisha kidole juu ya kibaraza, akamgeukia mwanawe, "Kesho nenda kakate miti ya jiko la mkeo." Nililia kwa furaha, sikuona haya.

Sasa nimesikia unataka kufunika jiko lako kuukuu kwa kitu kipya, tena unasema wiki moja tu yatosha. Na nimesikia pia kwamba wewe na mumeo mmegombana, akakununulia kitenge, mkanyamaza bila kulizungumza. Mwanangu, yote mawili ni kazi moja. Kwangua kwanza. Kaeni chini, ondoeni kilicholegea hata kama kinatia vumbi, loweshaneni kwa maneno laini, kisha mpake jipya, kidogo kidogo. Na mumeo naye achote maji.

Mungu akujalie jiko lenye moto, kibaraza kisichoinama, na mkwe anayejua kucheka maharage yakimwagika.