Ndoo ya Pumba na Ng'ombe Aliyekufa

Habari ilinikuta kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, kwa ujumbe mfupi wa simu: rafiki yetu wa Msambweni, mpishi wa zamani aliyegeuka mfugaji, amefariki asubuhi na atazikwa alasiri. Nilipofika, watu walikuwa wameshatoka makaburini. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimefika umri ambao simu ikilia moyo hutangulia kuuliza nani amekufa, salamu baadaye, na nasema kweli nimechoka.

Alipika miaka mingi katika hoteli moja ya Diani. Hoteli ilipofungwa alirudi kwao akafuga ng'ombe watatu. Nzi walikuwa wakiwaganda machoni wanyama wale hata kula hawali vizuri, basi mwenzetu akafanya alilolijua, akaingia jikoni. Alikausha majani ya mwarobaini kivulini, akayatwanga, akaponda kitunguu saumu, akavichanganya kwa kiasi kidogo katika ndoo ya pumba za mahindi na chumvi. Polepole nzi walipungua, hata kwenye samadi. Ila mpishi huanza na viungo, naye siku za mwanzo alikuwa akiwalisha kabla ya kukamua. Jirani mmoja, mteja wake wa maziwa ya chai, akamjia na sufuria mkononi.

“Shikamoo baba. Samahani, leo umetuletea maziwa au mchuzi?”

“Marahaba, mwanangu. Basi pika wali.”

Alicheka mwenyewe kuliko sote, kisha akaanza kulisha ndoo yake baada ya kukamua, na harufu ikaondoka kwenye maziwa. Sifa zikaenea. Watu walitoka Bodo, wengine Jego kule mpakani, kuja kuulizia mchanganyiko. Wakati huohuo josho la kijiji, ambamo zamani ng'ombe wote waliogeshwa dawa ya kupe, lilikuwa limekauka na kuota magugu, wala hakuna aliyetaka kuitisha kikao kwa ajili yake. Ndoo ilitupa kisingizio kizuri. Ndivyo tulivyo siku hizi: jambo la wote likitushinda, kila mmoja hujitafutia kijidawa chake nyumbani na kujiona mjanja.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na rafiki yangu hakusalimika. Alipoona nzi wametoweka, naye akaacha kunyunyizia dawa ya kupe. Ng'ombe wake mkubwa, aliyempenda kuliko wote, akavimba tezi chini ya masikio, akashikwa na homa, akaanza kukohoa. Daktari wa mifugo alipokuja alisema ni ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, na kwamba ameitwa kwa kuchelewa. Nilikuwapo siku hiyo. Mwenzangu alikaa juu ya ile ndoo, ameipindua, mpaka mnyama alipokata roho.

“Nimempikia vizuri,” akasema, “nikamwacha aliwe.”

Tangu hapo kila aliyekuja kuulizia mchanganyiko alipelekwa kwanza nyuma ya zizi, akaoneshwa mahali ng'ombe alipofukiwa. Alimwambia mgeni kwamba ndoo hii inapunguza nzi, basi. Kupe wanataka dawa yao, na masikio ya ng'ombe yanataka kukaguliwa kwa mkono. Wageni waliitikia kwa kichwa kwa adabu, wakaenda zao na habari ya kitunguu saumu.

Siku ya hitma tulikuwa barazani tukinywa kahawa, jirani mwingine akamsifu marehemu. Alisema ametuachia dawa isiyoshindwa, na kwamba yeye mwenyewe ameacha kunyunyizia, ng'ombe wake wanatosheka na ndoo. Wengine wakaitikia kwamba wallahi ni kweli. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumpinga pasipo kuharibu shughuli, ikasikika sauti ya mjane kutoka nyuma ya pazia la mlango, maana yumo edani.

“Shemeji zangu, mniwie radhi. Mume wangu hakuwa na dawa isiyoshindwa. Nendeni nyuma ya zizi, kama alivyokuwa akiwapeleka. Mkimwombea rehema nitashukuru, lakini msimzulie. Mtaua ng'ombe wenu kwa jina lake.”

Jirani akaweka chini kikombe, akatafuta viatu vyake, akaniuliza kwa sauti ya chini ni wapi hasa. Nikampeleka. Hapana cha kuona pale ila udongo ulioinuka kidogo na majani. Akaniomba radhi, anarudi kwake mara moja kutazama masikio ya ng'ombe wake.

Desturi yetu ni njema, maiti hufichiwa aibu yake. Lakini rafiki yangu hakulificha kosa lake alipokuwa hai, alilionesha kwa kidole kila mgeni alipokuja. Tukilifukia sasa kwa heshima, tutakuwa tumemnyang'anya kitu bora alichotuachia.