Mchicha wa Mabruda

Mama alikuwa na wiki tatu tu Toronto aliponiambia nimbadilishie tiketi, arudi Morogoro. Mimi nina mimba ya miezi minane, mume yuko safarini kikazi, na mtu niliyemwita aje kumpokea mjukuu anataka kuondoka kabla mjukuu hajafika. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Nimechoka tu, mwanangu."

Amechoka na nini, nami nimemkataza kila kitu? Jiko la umeme asiguse, atajiunguza. Vyombo vina mashine yake. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kochi na kutazama televisheni asiyoielewa. Nikaamua, kwa akili zangu nyingi, kwamba kinachomchosha ni honi na ving'ora vya jiji. Jumamosi nikampeleka kwenye monasteri moja ya zamani katikati ya mji. Mabruda wa pale huwafungulia wageni ua wao wa ndani, uliozungukwa na baraza za mawe zenye matao. Ukishavuka lango, husikii gari. Pana kibao kinachoomba wageni wakae kimya. Nikamtafsiria mama, akaitikia kwa kichwa.

Kimya chake hakikumaliza dakika tano. Bruda mmoja mzee alikuwa amepiga magoti anapalilia maua, magugu anayatupa kwenye ndoo. Mama akachungulia ndoo.

"We baba, huo si mchicha?" akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni.

Wageni wote wakageuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ingawa kwa tumbo lile ingebidi ipasuke sana. Nikamshika mkono, akajichomoa. Akajifunga khanga kiunoni, akapiga magoti kando ya bruda, akaanza kuchambua, majani huku, mizizi kule. Kisha akamnyang'anya kijembe, maana eti alikuwa anapalilia vibaya. Bruda wa watu alisogea, akamletea na ndoo ya pili.

Wakafanya kazi saa nzima, yeye kimya, mama akiongea kwa niaba ya wote wawili. Mimi nilikaa barazani na hasira zangu, miguu imevimba.

Kwenye treni mama alipakata mfuko wa mchicha, anatabasamu peke yake. Nikamwambia kama shida ni kelele, nitampeleka kule kila Jumamosi, ila asiniache.

"Kelele gani?" akasema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hii wiki ya tatu, na hata mwiko hujanipa. Jembe nimekuja kupewa na mzungu nisiyemjua."

Niliona aibu kubwa kuliko ile ya kule uani. Tulipofika nyumbani nikamwonyesha jinsi ya kuwasha jiko, akanifukuza jikoni. Habari ya tiketi hatukuigusa tena mpaka mtoto alipoanza kutambaa.