Utepe wa Kitabu Kisicho na Karatasi

Kitabu changu cha kwanza, kuhusu kilimo cha zabibu, nilikichapisha mwenyewe mtandaoni. Kinasomwa kwenye simu tu. Lakini nilitaka uzinduzi hapa Kizota, na uzinduzi ambao mgeni rasmi hakati utepe na kuinua kitabu juu, watu hawauhesabu. Basi nikachapisha jalada steshenari, nikakivisha nalo kitabu kikuukuu cha kabatini, ambacho hata sikukumbuka nilikipata wapi. Nilijiona mjanja.

Mgeni rasmi alikuwa mwalimu wangu wa kilimo wa sekondari, mstaafu kutoka Mpwapwa. Alikata utepe, akakiinua, vigelegele vikapigwa. Nilitegemea akirudishe mezani. Yeye akavaa miwani, akasogeza maikrofoni.

“Niwasomee kidogo kazi ya mwanafunzi wangu,” akasema, akafungua katikati. “Minyoo ya mbuzi: dalili na tiba.”

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu hakucheka. Alirudi ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole kwenye jina lililoandikwa kwa wino.

“Mwanangu,” akasema, maikrofoni ikiwa bado mdomoni, “hiki nilikuazima ukiwa kidato cha pili. Nimekitafuta mpaka nimestaafu.”