Mstari wa Soksi Mguuni kwa Tansy

Miguu ya mdogo wangu Tansy ilikuwa na rangi mbili.

Tulikuwa mtoni, tumetumbukiza miguu majini. Kwetu, nje kidogo ya mji wa Lismore, hatukuwa watoto wa viatu. Jua lilikuwa limetuunguza mpaka vidoleni.

Yeye alikuwa mweupe kuanzia kifundoni kushuka chini. Mstari umenyooka kabisa.

Soksi.

Nikautazama tena mstari ule.

Mama alikuwa nyuma yetu kwenye nyasi, na wazazi wenzake. Kila Jumamosi walikuja kumsikiliza. Alijulikana kwa kulea watoto bila shule.

"Msimsukume mtoto," alikuwa akiwaambia. "Hamu ikija, atasoma mwenyewe. Mnamuona Bryony wangu? Alikuwa na miaka minane aliposema hataki shule. Nikamheshimu."

"Sasa ana mingapi?" baba mmoja akauliza.

"Kumi na tano."

"Na hamu bado iko njiani?"

"Labda imepata pancha," mwenzake akadakia.

Wakacheka. Mama naye akacheka.

Mimi niliangalia maji. Nilikuwa bado nasoma kwa kuburuza kidole, neno moja moja. Nililisha kuku, nikalala, nikaamka, nikalala tena. Kila mtu aliniona sina hamu na lolote, na mimi nikawaamini.

Tansy, kwa maelezo ya Mama, alikuwa anashinda kwa bibi mjini, akimsaidia bustani.

"Kwa bibi unavaa soksi?" nikamnong'oneza.

Akavuta miguu, akaikalia.

"Mama kasema usijue. Eti utajisikia vibaya."

"Nisijue nini?"

"Naenda shule. Sare zangu ziko kwenye buti la gari, chini ya turubai."

Kisha nikauliza, "Uliomba mwenyewe?"

"Mimi? Nililia wiki nzima, dada. Nilimwambia sitaki, nikang'ang'ania mlango wa gari. Akanibandua. Akasema mtoto hajui anachotaka, utaenda tu."

Jioni nikamkuta Mama jikoni anamenya boga.

"Kwa nini Tansy anasoma?"

Kisu kikasimama.

"Tansy ni mwepesi wa kuelewa, mpenzi. Ingekuwa hasara. Wewe hukuwa na hamu, nikakuheshimu."

"Hata yeye alikataa."

Akafungulia bomba, akaanza kuosha kisu ambacho hakikuwa kichafu.

"Usiwaambie watu wa Jumamosi," akasema. "Tafadhali, Bry."

Sikuwaambia. Sikusema kitu kabisa, ndiyo tabia yangu.

Leo nina miaka ishirini na mbili. Kusoma nimefundishwa ukubwani, na mama mmoja wa maktaba ambaye kila nikitaka kuondoka anasema, "Kaa, ukurasa mmoja bado."

Siwasemi vibaya wanaolea watoto bila shule. Nawajua wanaokaa chini na watoto wao kutwa nzima. Ila mtoto akisema hataki, muulizeni mara ya pili. Anayenyamaza muulizeni hata mara ya tatu.

Na hili sijawahi kulitamka.

Mama, wiki ile nikiwa na miaka minane, darasani walinicheka nikisoma kwa sauti. Nikaja nyumbani nikakwambia sitaki shule tena.

Nilitaka unibandue mlangoni. Nilitaka uniambie utaenda tu.