Kuku Kwenye Kiti cha Mbele

Kaka yangu alisema nitarudi Mombasa kabla ya miezi mitatu, tena nitarudi nikilia. Aliyasema hayo mbele ya mama, mbele ya shangazi, na mbele ya jirani aliyekuja kuazima kinu. Mimi nami, ulimi wangu haujui kutulia kinywani, nikamjibu, "Nikirudi kabla ya hiyo miezi mitatu, gari ni lako." Akakubali haraka mno. Hapo ndipo nilipojua kwamba amelitolea macho gari lile tangu arubaini ya baba.

Lilikuwa gari dogo, rangi ya maziwa yaliyochacha, na mlango wa abiria haufunguki kwa ndani. Baba alipoingiwa na mtoto wa jicho alinifundisha mimi kuliendesha, nimpeleke dukani na msikitini, kwa kuwa kaka hakuwa na subira ya kufundishwa kitu. Baba alikuwa akikaa kando yangu, haoni hata boneti, na bado ananikaripia: "Gia, mwanangu! Husikii linavyolia?" Alipofariki akaniachia mimi. Nilipoachika, na ndoa yenyewe ilikuwa fupi hata hina haijafutika kuchani, gari hilo ndilo kitu pekee ambacho hakuna mtu angeweza kuniambia nikirudishe. Kwa hiyo nilipotamka yale maneno mbele ya yule jirani wa kuazima kinu, nilijua vizuri ninachokichezea.

Bendera ilikuwa mpya, serikali mpya, na Mkoa wa Magharibi nao mpya. Ofisi zake Kakamega zilitafuta watu wa kupiga taipu. Nikaomba, nikaitwa: niripoti Jumatatu, nifanye kazi ya majaribio miezi mitatu. Nilipoitafuta Kakamega kwenye ramani niliikuta ukingoni kabisa, imebaki kidogo itumbukie Uganda.

Nikaondoka Alhamisi baada ya sala ya alfajiri, buibui nimelikunja kiti cha nyuma, leso kichwani, birika la maji miguuni. Barabara ya siku hizo ilikuwa vumbi na mawe, na matuta madogo madogo yanayokutikisa mpaka meno. Voi nikasimama kutia petroli. Mwuza petroli akazunguka gari mara mbili, akachungulia ndani, akaniuliza, "Dereva yuko wapi?"

"Nimemla," nikamwambia.

Mtito Andei wakaniuliza bwana wangu yuko wapi. Nikasema yuko kwenye buti. Yule mtu akacheka, kisha nikamwona anaikodolea buti macho, anajikuna shingo. Kati ya hapo na Nairobi nilimsubiri tembo avuke barabara, naye hakuwa na haraka hata kidogo. Nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni, na mbili nilizojitungia.

Nairobi nililala kwa binamu ya mama. Ijumaa nikashuka Bonde la Ufa nimekanyaga breki mpaka mguu ukafa ganzi, pancha ikaniweka Nakuru usiku mmoja, na Nakuru hakuna aliyeniuliza habari ya dereva. Nilikuwa nimejaa vumbi jekundu kuanzia kope mpaka kucha. Nadhani walinichukulia mimi ndiye utingo. Nikacheka peke yangu. Wallahi nilikuwa na furaha, furaha ya kuonea aibu. Nilikuwa nikiimba, nikichoka kuimba naongea na baba: "Gia hiyo, umeisikia?" Hakuna aliyeniambia nipunguze sauti.

Jumamosi alasiri, nimeipita Kisumu, nimepanda vilima vyenye mawe makubwa kama nyumba, nikafika Khayega. Kakamega ilikuwa pua na mdomo. Hapo ndipo mvua iliponikuta, mvua ya mawe, ikipiga paa la gari kwa ngumi. Udongo ukawa sabuni. Gari likateleza taratibu, kwa adabu kabisa, likaingia mtaroni.

Akatokea mama mmoja wa makamo, amejifunika gunia kichwani, akagonga kioo. "Toka ndani, mwana wanje, mtoto wangu! Hii mvua haiishangi saa hii!"

Alikuwa na nyumba mbele ya kinu cha posho. Akanikalisha mekoni, akanipa shuka kavu, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Mombasa, akatazama mlangoni. "Na wengine wako wapi?" Nikamwambia niko peke yangu. Akapiga makofi, akamwita mumewe aje anione. Kisha akaitazama leso yangu, wakasemezana kwa lugha yao, na mume akachukua baiskeli akaenda na mvua ile ile mpaka sokoni, kumwita Mwislamu mwenye kibanda cha nyama aje achinje yeye, ili mimi niweze kula. Sikuwa nimeomba. Ikabidi nijifanye moshi umeniingia machoni.

Nikala ingokho na obusuma, hivyo ndivyo wanavyoita kuku na ugali, mpaka nikashindwa kuinama. Mvua ilipokatika, wanaume wa kinuni walilisukuma gari likatoka. Nami nilipokuwa nashukuru, mama akaniwekea kwenye kiti cha mbele kuku mwingine, mzima, miguu imefungwa: mtetea wa shingo tupu, macho makali kama ya shangazi yangu. "Sisi hapa mugeni haendangi mikono mitupu," akasema.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilikuwa nimepangishiwa chumba mjini, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya mabati. Nami nimelelewa Mombasa, ambako mtu haingii nyumba ya watu mara ya kwanza mikono mitupu. Zawadi nilizofunga kwetu, kashata na kaimati, nilikuwa nimezimaliza njiani mwenyewe. Basi nikashuka garini na tabasamu, nikampa mama mwenye nyumba yule kuku.

Alifurahi. Akamgeuza, akamtazama miguu, na furaha ikamtoka. Kidole kimoja cha kuku kilikuwa kimekatwa ncha. Kumbe kila mama huku ana alama yake.

"Hii kuku ni ya mama wa Khayega. Tunaimba naye kanisani. Amekupa?"

"Ndiyo."

"Amekupa, na wewe unagawa?"

Akanirudishia. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa: kuku wa mgeni huliwa na mgeni, au hufugwa na mgeni. Ukimpa mtu mwingine, umemwambia aliyekupa kwamba mkono wake huutaki. Lahaula! Sikuwa nimefungua hata sanduku, nami nimeshatukana watu walionitoa mtaroni. Jumatano tarishi wa ofisini alileta barua mezani kwangu, akasimama, akaniuliza kwa upole, "Ni wewe uligawa kuku?"

Jumapili nikaenda Khayega kuomba radhi. Mama alikuwa uani anapukusa maharagwe. Hakuniambia kaa. Nikasimama nikamwambia yote: kwetu mtu haingii mikono mitupu, nami sikuwa na kingine, na huyo kuku ninaye, nimemfungua miguu, analala ndani ya gari kwa sababu sina banda. Mikono yake ikasimama kwenye maharagwe.

"Ndani ya gari?"

"Kiti cha mbele. Hataki cha nyuma."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Kumbe na kwenu mikono mitupu ni mbaya! Kaa chini, pukusa."

Tangu siku hiyo Jumapili zangu zikawa za Khayega. Nilipukusa, nilichambua mboga, nilimfundisha kukuna nazi niliyoagiza ya kupikia wali na akaniambia hiyo ni kazi ya watu wasio na shamba. Na kila nikiondoka, kuku, nami kila akinipa nikapokea kwa mikono miwili. Gari likajaa manyoya. Ofisini wakaniita Mama Ingokho, na hata bwana mkubwa siku moja alijisahau akaniita hivyo mbele ya wageni.

Lakini msidhani kulikuwa na kicheko tu. Jioni mvua ikinyesha, chumbani pangu palikuwa kimya sana. Nilimkumbuka mama hadi nikawa nasikia anavyoburuta makubadhi. Ijumaa moja ya mwezi wangu wa tatu huko nilifunga sanduku, nikalikalia, nikalifungua tena.

Wiki moja kabla ya majaribio kwisha, kaka akaja. Gari moshi mpaka Kisumu, basi mpaka Kakamega, viatu vyeusi vinang'aa. Alilitazama gari, akajishika kichwa. "Gari la marehemu baba! Umelifanya banda!" Nikamwambia likimtamanisha bado, aliendeshe. Hakujua kuendesha. Akakasirika, kisha akacheka kidogo, halafu akanyamaza. Kaka yangu akinyamaza ndipo umwogope.

"Mama hasemi kitu," akaniambia. "Lakini kila siku anatoa sahani yako, kisha anairudisha."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Hebu niambie kweli, mdogo wangu. Hapa una nani?"

"Nina kazi."

"Sikukuuliza una nini."

Kesho yake, Jumapili, nilikuwa nimpeleke Kisumu kupanda gari moshi. Asubuhi, yeye akinywa chai kwa mama mwenye nyumba, nililiingiza sanduku langu kwenye buti. Nilijiambia nitaamua nikifika. Nikiendelea na safari pamoja naye, nimeshindwa kwa siku sita tu, na gari ni lake. Lakini nilikuwa nimechoka na lile swali.

Tukasimama Khayega ili nimuage mama. Sikumwambia habari ya sanduku. Mume akapanda baiskeli bila kuulizwa, Mwislamu wa kibanda akaja, kuku akapikwa. Kaka alikula, akaongezwa, akala tena. Tulipoinuka, mama akaja na jogoo mwekundu, akamwekea kaka kifuani. Kaka, na shati lake jeupe, akamkumbatia kama mtoto aliyelowa.

Mimi, kwa mazoea, nikanyoosha mikono yangu miwili.

Mama akaitazama. Akanitazama usoni. "Wewe unataka nini?"

"Kuku wangu, mama."

"Nikupe wewe ingokho ya nini? Kwani wewe ni mugeni?" Akaisukuma mikono yangu chini. "Jumapili ijayo uje mapema. Wakwe za binti yangu wanakuja, na wewe ndiye utapika ule wali wa nazi. Na ulete kuku mbili kutoka kwako. Za kwangu zinaisha, unazila wewe!"

Nikaitika. Nikaingia garini upesi nisije nikamlilia mbele ya kaka yangu.

Tukateremka vile vilima vya mawe. Jogoo alikuwa ametulia mapajani pa kaka. Stesheni, nilipofungua buti kutoa begi lake, akaliona sanduku langu. Akachukua begi lake, akaifunga buti mwenyewe.

"Nitamwambia mama asitoe sahani," akasema. "Nitamwambia aje."

Gari moshi likapiga honi. Kaka akapanda na begi mkono mmoja na jogoo mkono mwingine, watu wakimpisha, akatoa kichwa dirishani. "Sasa huyu nimfanye nini? Binamu wa Nairobi si nimpe yeye?"

"Usithubutu kumpa mtu!" nikapiga kelele, stesheni nzima ikageuka. "Umle mwenyewe, umesikia?"

Kisha nikawasha gari, nikapanda tena vilima, nikarudi nyumbani kulisha kuku.